Sura ya Nne: Vitu vya Kuazimana Njiani

Wanaoandika siku hizi juu ya vyombo vya safari, na zaidi wale wanaoviuza, humchora msafiri kama mtu aliyetupwa peke yake jangwani, asiye na jirani wala mwenzi, ambaye salama yake yote imo ndani ya mkoba alioubeba mgongoni. Na kwa hivyo husifu kijiko kilichounganishwa na uma, kikombe kinachokunjika kikaingia mfukoni, tochi ya kufungwa kwenye paji la uso, na begi lenye zipu nyingi hata mwenyewe asikumbuke ni ipi aliyoitilia paspoti. Sina ugomvi na vitu hivyo, na baadhi yake nitavirudia mbele katika sura hii. Lakini reli, barabara na bahari ninazozijua mimi hazina upweke wa namna hiyo. Katika behewa la daraja la tatu liendalo Kigoma, katika jahazi lililotia nanga mlangoni mwa mto Pangani likingoja maji yajae, katika basi la alfajiri linalopanda Usambara, msafiri hukaa bega kwa bega na watu asiowajua. Baada ya saa mbili huwa ameshajua wanakotoka, na kabla jua halijachwa huwa ameombwa kitu, naye ameomba kitu. Maadam hali ndiyo hiyo, nimezoea kukipima kifaa cha safari kwa sifa ambayo wauzaji hawaitaji katika matangazo yao, nayo ni kuazimika: je, kitu hiki, pamoja na kunifaa mimi, chaweza kupita mkononi mwa jirani na kurudi, au kupita na kutorudi, pasi na kunivunjia safari wala kumtia yeye haya?

Nitaanza na kikoi, kwa kuwa ndicho kinachotangulia kutiwa mkobani na ndicho kinachotangulia kutolewa. Kikoi ni nguo ya pamba iliyofumwa, si iliyopigwa chapa, yenye mistari ya rangi kando kando na matamvua kwenye ncha zake mbili. Upana wake humsitiri mtu mzima toka kiunoni hata karibu na kifundo cha mguu, na urefu wake humzunguka ukabaki. Hufungwa bila ya mshipi wala kifungo: ncha mbili hukutanishwa mbele, zikakunjwa, zikaviringishwa kwa nje hata nguo ikakaza, na aliyezoea hupanda mnazi nayo isimwanguke. Watu wa pwani hawakuanza jana kuzipenda nguo zenye ukingo wa rangi. Zamani vilemba na vikoi vya wenye hali vilitiwa taraza, yaani ukingo wa hariri uliofumwa kwa mkono, kazi iliyokuwa na mafundi wake mahsusi. Na Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza Waislamu wa Sofala waliokuwa wakifumua nguo za rangi zilizoletwa kutoka Kambaya, ili wapate nyuzi zake wakazifume upya pamoja na pamba yao nyeupe. Mtu aliye tayari kufumua nguo nzima kwa ajili ya mstari mmoja wa buluu hawezi kusemwa kuwa hajali mavazi.

Uzuri wa kikoi njiani ni kwamba hakina umbo. Suruali ni suruali, na koti ni koti, lakini kikoi kikiviringishwa ni mto, kikitundikwa ni pazia, kikitandikwa ni shuka au msala, kikitiwa mabegani ni mtandio, na baada ya kuoga ni taulo lenye kukauka upesi kuliko taulo lenyewe. Katika safari moja ya Kigoma, baada ya gari moshi kuiacha Tabora nyuma na baridi ya usiku kuanza kuingia madirishani, mama mmoja aliyeketi mkabala nami, mwenye mtoto mchanga na mwingine wa kutambaa, aliniambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo, baba. Samahani, huna nguo ya ziada? Ya mtoto imelowa." Nikaitikia marahaba nikampa kikoi. Usiku kilikuwa ubeleko. Kulipopambazuka kikawa sitara alipokuwa akinyonyesha. Na jua lilipopanda alikifunga baina ya vyuma viwili vya kuwekea mizigo, kikawa pembea, na yule mchanga akalala humo kwa utulivu ambao sisi wakubwa hatukuupata katika viti vile. Tulipokaribia Uvinza, mji wa chumvi, ambapo ndipo alipokuwa akiteremka, alianza kukifungua. Nikamwambia, "Mwache alale, mwanangu. Nenda nacho." Akashuka na mtoto na pembea yake, watu wakimpokelea mizigo dirishani, nami nikafika Kigoma nikiwa na kisingizio halali cha kununua kingine.

Wanawake wamelielewa jambo hili kabla yetu, na ushahidi wake ni kanga. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyo sawasawa, kila kimoja kina pindo lake, mji wake na jina lake. Na biashara yake ina ukoo mrefu, kwa maana nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ambayo chapa yake ya Mali ya Abdulla inajulikana pwani yote, ilianza kazi mwaka 1887 na bado inauza. Husemwa kwamba kipande kimoja ni cha kiunoni na kimoja ni cha kichwani. Hayo ni kweli nyumbani. Safarini nimeona kwamba kipande kimoja ni cha mwenyewe, na cha pili ni cha yeyote atakayepatwa na haja, awe mgonjwa anayetaka kufunikwa, au binti aliyechaniwa gauni na msumari wa kiti, au maiti, Mungu atuepushie, aliyefikwa na ajali njiani kabla jamaa zake hawajafika. Mwenye kuazima kanga hana budi kulitazama jina lake kwanza, kwani yako majina makali, na nimepata kushuhudia urafiki wa safari nzima ukitiwa doa kwa sababu ya maneno yaliyochapwa mgongoni, ambayo mwenye kanga alikuwa ameyasahau na mwazimwaji akayasoma kuwa yamekusudiwa yeye.

Habari ya kuombwa nguo njiani inanipeleka Kilwa ya mwaka 1331, ambako Ibn Battuta wa Tanja alifika kwa bahari akitokea Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa. Wasomi wengi wakimtaja msafiri huyu hutaja misikiti na masultani. Mimi hupenda macho yake yanavyoona vyombo vidogo. Huko Mombasa aliona watu wakienda pekupeku, na kwenye mlango wa kila msikiti kisima kimoja au viwili, pamoja na bakuli la mti lililotiwa mpini mwembamba, na kando ya mlango kipande cha jamvi nene. Anayetaka kuingia huteka maji, huosha miguu, hujipangusa juu ya jamvi, kisha huingia. Bakuli lile si la mtu, na jamvi lile si la mtu. Mgeni aliyeshuka chomboni hana kitu alikuta vyombo vya tohara vikimngoja, wala hakuhitaji kumwomba yeyote.

Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake, na akasimulia kisa alichokishuhudia. Siku ya Ijumaa, Sultani alipotoka kusali akirejea nyumbani, fakiri mmoja wa Yemeni alimzuia njiani akamwomba. Sultani akamuuliza haja yake, naye akasema anazitaka nguo alizozivaa Sultani. Akaahidiwa. Akasema, saa hii hii. Basi Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha mavazi, akamwita fakiri aje azichukue. Naye akazifunga katika kitambaa, akajitwisha kichwani, akaenda zake. Watu walifurahishwa mno na unyenyekevu ule, na mwana wa Sultani akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na habari ilipomfikia Sultani akaamuru aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Msomaji wa leo hawezi kuipita thamani hiyo bila ya kusita, kwa kuwa waliohesabiwa kuwa badala ya nguo walikuwa wanadamu, wala hapana aliyewauliza. Na ukarimu wa zama zile hausomeki sawasawa pasipo kulitia jambo hilo katika mizani. Lakini ustadi wa fakiri katika kuomba sina budi kuukiri. Hakuomba fedha, ambayo hutolewa kwa mkono wa mhazini. Aliomba kitu kilichokuwa mwilini, na kwa saa ile ile, ili mtoaji asipate nafasi ya kutuma mtu.

Wapagazi wa njia ya Bagamoyo na Ujiji walikuwa na hesabu nyingine, iliyotokana na uzito. Mzigo wa desturi ulikuwa wa frasila mbili, ambazo ni kama kilo thelathini na kitu, nao ulikuwa mzigo wa tajiri: nguo za merikani na kaniki na shanga katika kwenda, pembe katika kurudi. Juu ya huo mpagazi alijiongezea mali yake mwenyewe, ngozi au mkeka wa kulalia, kibuyu, chungu, na kilindo cha gome la mti chenye vitu vyake vya thamani. Richard Burton, aliyepita njia hiyo pamoja na Speke mwaka 1857 na 1858, huku Sidi Mubarak Bombay akiwaongoza na kuwafasiria, alinung'unika sana juu ya wapagazi katika kitabu chake, ila hakuweza kuficha kwamba watu wale walijua kujipanga. Waligawanyika makambi madogo madogo, kila kambi chungu chake, na mwenye kubeba chungu hakubeba kuni, na mwenye kuteka maji hakupika. Chungu cha udongo ni kitu kizito, chepesi kuvunjika, kisichofaa safari hata kidogo kwa mtu mmoja. Kwa watu wanane ni chombo bora kuliko vyote, kwa kuwa kila mmoja amebeba sehemu ya nane tu ya dhiki yake.

Kwa sababu ya chungu kile nimekuwa mbishi katika suala la mkeka. Jamaa zangu vijana wananiambia kwamba mkeka ni mrefu, haukunjiki ukaingia begini, na humgonga kila anayepita. Yote ni kweli. Lakini mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri hukalisha watu watatu kwa wasaa na watano kwa mapenzi, na sijaona kitu kingine kinachogeuza kungoja kuwa baraza. Wanawake wa Unguja, Pemba na Mrima huyakata makuti machanga ya mkindu, huyaanika, huyachemsha na rangi, huyachana kwa ukucha yakawa membamba, kisha huyasuka ukili, mmoja mrefu wa dhiraa nyingi, ambao hushonwa ubavu kwa ubavu hata upana utimie. Na aliyeutazama mkeka kwa makini huona kwamba mapambo yake yote yamekwisha hesabiwa katika usukaji, kwa maana ukili ukikosewa upande mmoja, ua halikutani na mwenzake linaposhonwa. Tandika mkeka huo penye kivuli bandarini, wakati maji yametoka na jahazi limelala ubavu juu ya mchanga, nawe uvue viatu uketi kwenye pembe moja, ukiacha nafasi iliyobaki wazi waziwazi. Hutaketi peke yako. Mikeka ya plastiki iletwayo kutoka ng'ambo haiogopi mvua na hilo ni jambo la kuisifu, ila inateleza na kutia joto, na watu hawakai juu yake kwa muda wa kutosha kusema lolote la maana.

Penye mkeka hapakosi chai, na chupa ya chai ndiyo kifaa cha kigeni kilichopata uraia wa pwani kwa haki zaidi kuliko vingine vyote. Haikubuniwa kwa chai. James Dewar, mwanasayansi mzaliwa wa Scotland aliyefanya kazi katika Royal Institution ya London, aliitengeneza mwaka 1892 apate kuhifadhi gesi alizozigeuza kuwa maji kwa baridi kali mno, nazo zilikuwa zikifoka na kutoweka mara zikipata joto la chumba. Akatia chupa ndani ya chupa, akaiondoa hewa iliyo katikati, kwa kuwa joto halina njia nyepesi ya kuvuka mahali pasipo kitu, na kioo kikatiwa rangi ya fedha ili joto lipigwe likarudi. Hakujichukulia hataza, na mwaka 1904 kampuni ikaundwa Ujerumani ikaanza kuiuza kwa watu wa kawaida kwa jina la Thermos. Kile kilichozuia joto lisiingie kwenye gesi ya Dewar ndicho kinachozuia joto lisitoke kwenye chai yangu ya tangawizi toka Tanga hata Chalinze.

Ninalo neno moja la lawama juu ya chupa hii. Kifuniko chake kimefanywa kikombe, na kikombe ni kimoja, jambo linaloonesha kwamba aliyekibuni alimkusudia mtu wa kunywa huku anatazama dirishani. Dawa yake ni finjani, vile vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo wauza kahawa huvigonganisha barabarani, ambavyo mimi huvifunga katika leso na kuvitia ndani ya mkoba wa ukindu. Chupa ya lita moja ikimiminwa kwa vikombe vikubwa hutosha watu wanne na mazungumzo ya robo saa. Ikimiminwa kwa finjani huenea viti vyote vya jirani, na kwa kuwa kila mtu hupata kidogo, hapana anayejiona ametiwa deni kubwa. Fauka ya hayo, mkono ulionyosha finjani hujibiwa, na kabla ya Morogoro huwa ninazo karanga, kipande cha muhogo, na fununu za siasa ambazo magazeti hayatazichapa.

Kisu cha kukunja sitakisemea sana. Kiwe kidogo, kiwe kikali, kitolewe kwa mpini kuelekea mpokeaji, na anayepanda ndege akitie katika mzigo wa chini. Nacho ndicho kifaa chenye tabia ya kuzurura kuliko vyote, kwani humenya chungwa la huyu, hukata kamba ya yule, na hupatikana mwisho wa behewa mikononi mwa mtu anayekupa shukrani kana kwamba wewe ndiye uliyemwendea.

Tochi nayo nimeendelea kuibeba, ile ndogo yenye mawe mawili, ingawa simu ya mkononi ina taa na kila mtu ana simu. Simu haiazimiki. Ndani yake mna fedha za mtu, tangu huduma kama M-Pesa zilipoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na mna picha zake, na barua zake, na labda mambo yasiyotakiwa kuonekana hata na mkewe. Ukimpa jirani simu yako aende nayo chooni gizani, mtakaa nyote wawili roho juu mpaka arudi. Tochi haina siri, na mpewa huenda nayo kwa starehe, akakaa muda anaoutaka.

Si kila kitu ni cha kuazimwa, na asiyeweka mpaka hufika kwake uchi. Mswaki hauazimwi, jambo hili halina ubishi. Dawa za maradhi ya kudumu haziazimwi, hata jirani akisema kwamba anaumwa ugonjwa ule ule na daktari alimwandikia rangi ile ile. Kofia ya viua pia haiazimwi, ingawa sababu yake ni nyingine: hushonwa kwa mkono, tundu ndogo ndogo zisizohesabika zikizungushiwa uzi moja moja, kazi ya miezi kwa mshonaji mwangalifu wa Lamu au Unguja, nayo imekatwa kwa kipimo cha kichwa kimoja. Kofia ya mtu ikimkaa mwingine sawasawa watu huanza kuuliza nasaba.

Tena kitu cha kuazimwa kinataka matunzo zaidi ya kitu cha mwenyewe, kwa sababu mwenyewe anajua kilema cha chombo chake na jirani hajui. Mfano mkubwa wa matunzo ya namna hii ninaoujua si wa mkoba bali wa meli. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kutiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Tanganyika mwaka 1915, wakati vita vimeshawaka. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma haitashikika, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito, kila sehemu, kwa subira ya watu wanaokiaga chombo wanachotumaini kukirudia. Hawakukirudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikawachukua watu na dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu kwa vizazi kadha wa kadha. Ni karadha ya ajabu, ambayo mkopeshaji hakuikusudia na mkopaji hakuiomba, ila grisi haikuuliza. Tangu nilipokijua kisa hiki, sirudishi chupa ya chai kabatini bila ya kuikausha na kuiacha wazi, na kisu hukitia tone la mafuta kwenye bawaba.

Nilisema kwamba nitavirudia vifaa vya yule msafiri mpweke, na mahali pake ni Kilimanjaro. Juu ya mlima wenye mita 5,895 kikoi changu hakina kauli. Huko baridi ya usiku huua, na koti lisilopenya upepo, viatu vizito, soksi za sufu na glavu ni mambo ya uhai, tena kila mwili unataka vyake, kwa kuwa watu wawili hawawezi kuvaa koti moja kwa zamu kwenye theluji. Hapo nilidhani nadharia yangu ya kuazimana ingefika kikomo chake, mpaka nilipokwenda Moshi na kuyaona mambo ya wagumu, kama wapagazi wa mlima wanavyojiita. Mgeni hupanda akiwa amevaa mavazi ya thamani kubwa. Mgumu anayembebea, ambaye kanuni zinasema asitwishwe mzigo unaozidi kilo 20, kwa miaka mingi alipanda na viatu vya mtumba na koti la shule. Mradi uitwao Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye ofisi mjini Moshi, umekusanya makoti, suruali, viatu na mifuko ya kulalia iliyotolewa na wapandaji, na huviazima kwa wapagazi bila malipo: mtu huchukua kabla ya kupanda, na akishuka hurudisha, ili mwenzake achukue.

Nilimuuliza kijana mmoja, aliyekuwa akipima buti dukani mjini kwa macho bila ya kuligusa, kama haoni vibaya kuvaa koti lililovaliwa na wengine. Akanijibu, "Mzee, koti halijui nani ni nani. Linajua baridi tu." Nikamwacha na buti lake.

Sasa imekuja reli mpya, na hesabu imebadilika tena. Gari moshi la umeme lilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mwezi uliofuata likafika Dodoma, na safari iliyokuwa ya usiku mzima imekuwa ya saa zipatazo nne. Kila mtu ana kiti chake chenye namba, madirisha hayafunguliwi, wala hapana mama anayepitisha mtoto dirishani. Muuza asali haingii, na mkeka hauna mahali pa kutandikwa. Nilipopanda mara ya kwanza niliona kwamba nusu ya mkoba wangu imekuwa mzigo wa bure, isipokuwa kikoi, kwa maana ubaridi wa mitambo mle ndani ni mkali kushinda wa Lushoto. Na nilikuwa nimeshajifunika na kukaribia kusinzia, tumeipita Morogoro, binti aliyeketi kando yangu, mwanafunzi kwa jinsi nilivyoyaona madaftari yake, aliponigusa kidogo begani.

"Shikamoo, babu. Samahani kukusumbua. Una waya wa kuchajia? Wangu nimeusahau hosteli."

Ninao, nikamwambia, nikautoa kwa furaha. Akautazama kichwa chake, akatabasamu kwa adabu, akaniambia kwamba huo ni wa simu za zamani na hauingii katika yake. Akamgeukia kijana wa kiti cha nyuma, naye pia wake ulikuwa wa aina nyingine. Na swali likaenda kiti kwa kiti hata nusu ya behewa ikawa imefungua mabegi yake na kulinganisha nyaya, na mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa amenuna toka Pugu akaanza kueleza, bila ya kuulizwa, jinsi simu yake ilivyotumbukia kisimani. Waya ulipatikana karibu na mlango. Tulipofika Dodoma nilikwenda moja kwa moja sokoni, nikauliza kwa wauza simu, nikapata waya mmoja wenye vichwa vitatu, wa kila namna. Ni shilingi elfu tano, na muuzaji hakushuka hata mia.